Haki ya Kazi Njema: Kuwafundisha Watoto Wetu Kutazama kwa Utulivu

Swali tulitakalo kulitia katika mizani mara hii ni jepesi kulitamka na zito kulijibu. Twauliza: Je, ni wajibu wa mzazi kumfundisha mwanawe kutazama? Hatusemi kuona, kwani kuona ni kipaji ambacho mtoto huzaliwa nacho, na hata paka huona. Twasema kutazama, yaani kuliweka jicho juu ya kitu na kulizuia lisiondoke mpaka kitu kile kimekwisha kulipa khabari yake. Na khasa twakusudia kutazama kazi njema ya mkono wa mwanadamu: mlango ulionakshiwa, khati iliyoandikwa vizuri, mkeka, kikapu, kofia, ukuta uliochongwa, picha iliyochorwa.

Wako watakaosema kwamba jambo hili halistahili kushughulisha akili za watu wazima. Watasema: mtoto afundishwe kusoma na kuhesabu, afundishwe dini yake na adabu zake, afundishwe kazi ya kumpatia riziki, ama kukodolea macho vitu vilivyopambwa, hiyo ni kazi ya wasio na kazi. Maneno hayo twayasikia na hatuyadharau, kwani wayasemao ni watu wanaowatakia watoto wao kheri. Lakini twaona yamejengwa juu ya dhana isiyo sahihi, nayo ni kudhani kwamba jicho halihitaji malezi. Ulimi twaulea usiseme uwongo, mkono twaulea usichukue cha mtu, mguu twaulea usiende pasipofaa. Jicho peke yake twaliacha likimbie kama mbuzi asiye na kamba, kisha twashangaa likirudi halina kitu.

Sisi tulio hapa Mahoo, jirani na mji wa Taveta, tuna mfano ulio mbele yetu asubuhi na jioni. Mlima Kilimanjaro umesimama juu ya migomba yetu, na siku mawingu yanapoondoka hapana mtoto asiyeuona. Mlima huo una vilele viwili vikubwa: Kibo, chenye theluji, ambacho urefu wake ni mita 5,895, na Mawenzi, chenye majabali yaliyochongoka, ambacho ni mita 5,149. Mwite mtoto wa miaka kumi ndani ya nyumba, umwulize: Kibo kiko upande gani na Mawenzi upande gani? Wengi watajibu kwa kubahatisha, ilhali kwa mwenye kutazama kutoka huku kwetu Kibo kiko kushoto na Mawenzi kuume. Mtoto huyo si kipofu wala si mpumbavu. Ameuona mlima mara elfu na hajautazama hata mara moja.

Na kitu kisichotazamwa huondoka bila ya kuagwa. Barafu iliyokuwako juu ya Kibo mwaka 1912, zaidi ya sehemu 80 katika mia ilikuwa imekwisha kupotea ilipofika mwaka 2000. Wangapi katika waliozaliwa chini ya mlima ule waliona inapungua? Basi ikiwa mlima mzima waweza kubadilika mbele ya macho yetu tusitambue, itakuwaje kwa kazi ndogo ya mkono, ambayo haina kelele wala haijitangazi?

Tutazame sasa kazi ya mkono. Nchi yetu hii ya Taita na Taveta ina mashamba makubwa ya mkonge, na akina mama wa Kitaita wana sifa ya kusuka vikapu kwa nyuzi za katani. Kikapu huanzia chini, katikati ya kitako, kwa nyuzi chache. Msukaji huzunguka na kuzunguka, akiongeza nyuzi kadiri kitako kinavyopanuka, mpaka kufikia mahali pa kusimamisha ubavu. Rangi ya uzi ikibadilika, haibadiliki kwa bahati. Msukaji amehesabu, kwani akikosea nyuzi mbili mzunguko huu, pembe ya nakshi itapotoka mizunguko kumi baadaye. Kwa hiyo kila kikapu ni hesabu iliyoandikwa kwa uzi, na mwandishi wake amekaa nayo siku nyingi, huku akipika, akilima na kulea watoto.

Kikapu hicho hufika sokoni. Mnunuzi hukigeuza mara moja, huuliza bei, hushangaa, husema: Kikapu tu? Hapa ndipo tuonapo kwamba jambo letu limeingia katika haki na dhulma, wala si pambo la maneno. Asiyejua kutazama hajui kupima. Na asiyejua kupima humpunja mwenziwe huku akijiona ni mjanja wa soko. Wazee wetu walisema kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Lakini chema hujiuza kwa mwenye macho tu. Mahali ambapo watu hawana macho, chema hukaa chini ya meza kikapata vumbi, na kibaya kikatembezwa kikanunuliwa kwa sababu kinang'aa.

Basi dai letu ni hili: kila kazi iliyofanywa kwa uangalifu ina haki juu ya mwenye kuitazama, na haki hiyo ni kutazamwa kwa uangalifu. Aliyeifanya alitoa siku zake. Nasi twadaiwa dakika zetu. Mtoto anayezoezwa kulipa deni hili hujifunza shukrani, na mtoto asiyezoezwa hukua akidhani kwamba vitu vizuri huota vyenyewe kama magugu.

Hebu tuchukue milango yetu ya pwani, ambayo kila mtu huisifu. Mlango wa Lamu una miimo yake, una kizingiti chake cha juu, na katikati una mfaa ule uliochongwa, ambao umeshikana na ubao mmoja na kuufunika mwanya wa mbao mbili. Fundi amechonga ua likapanda, likajikunja, likazaa ua jingine, kutoka chini mpaka juu bila ya kukatika. Milango hii ni mashuhuri hata sheria ya nchi imeitaja. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 imeuhesabu mlango, au fremu ya mlango, uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1946, kuwa ni miongoni mwa vitu vya kulindwa. Mji wa kale wa Lamu wenyewe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na Mji Mkongwe wa Unguja ulitangulia mwaka 2000.

Twashukuru kwa sheria hiyo na kwa orodha hiyo. Lakini sheria yaweza kuulinda ubao. Kumpa mtoto jicho la kuupenda haiwezi. Mlango unaolindwa na sheria peke yake ni kama maiti anayelindwa na askari. Aliyekulia ndani ya nyumba yenye mlango kama ule, akapita chini yake kila siku akikimbilia skuli na chuoni, na hapana mtu aliyemsimamisha akamwambia, Tazama, fuata shina hili kwa kidole chako uone litafika wapi, huyo akirithi nyumba atakuwa tayari kuuza. Atauza si kwa ubaya wa moyo. Atauza kwa sababu kwake ni ubao wa zamani unaopata fedha. Mnunuzi kutoka mbali atakuwa ameutazama kwa nusu saa tu, na katika nusu saa hiyo atakuwa ameujua kuliko mwenyewe aliyeishi nao miaka 30.

Wala tusiwalaumu watoto peke yao. Haraka hii ni ya watu wote, na watu wazima ndio walimu wake. Mwaka 2001 watafiti wawili, Jeffrey Smith na Lisa Smith, walieleza khabari ya watu waliokwenda katika jumba kubwa la sanaa la Metropolitan mjini New York. Watu hao walitoka majumbani kwao kwa hiari yao, kwa ajili ya kutazama tu. Hata hivyo muda ambao mtu mmoja alisimama mbele ya kazi moja ulikuwa, kwa wastani, sekunde 27, na nusu ya watu hawakuzidi sekunde 17. Kazi iliyomchukua fundi mwaka mzima ililipwa sekunde 17! Na hiyo ilikuwa kabla ya simu za mkononi zenye kamera kuenea duniani. Leo mtu husimama mbele ya mihrabu ya kale, huinua simu, huchukua picha, huondoka. Ukimwuliza usiku ule, mihrabu ile ilikuwa na nakshi gani, itambidi aitazame simu. Mtoto wake aliyekuwa pembeni amejifunza kwamba kazi nzuri ni kitu cha kuchukuliwa, si kitu cha kukaliwa nacho.

Kinyume cha hayo, yuko mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, jina lake Jennifer Roberts, aliyeeleza mwaka 2013 kwamba huwataka wanafunzi wake wachague kazi moja ya sanaa, kisha waitazame kwa muda wa saa tatu kamili. Yeye mwenyewe alifanya hivyo mbele ya picha ya kijana na kindi arukaye, iliyochorwa na John Singleton Copley mwaka 1765. Ilimchukua dakika tisa kutambua kwamba umbo la sikio la kijana yule limefanana na umbo la manyoya ya tumbo la yule mnyama. Dakika tisa! Na mtu huyo ni mtaalamu ambaye kazi yake ni kutazama picha. Kitu kilikuwa wazi mbele yake, hakikufichwa na pazia wala giza. Kilifichwa na haraka tu.

Sisi hatuna haja ya kwenda New York wala Harvard kupata fundisho hilo, maana linatungoja katika misikiti yetu. Huko Kizimkazi, kusini ya Unguja, upo msikiti wenye maandishi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, na tarehe iliyomo ni mwaka 500 wa Hijra, sawa na mwaka 1107. Khati yake ni Kufi iliyochanua, ambayo ncha za herufi hupanda na kuota kama majani. Mwenye kupita mbio ataona majani. Atakayesimama ataanza kuona kwamba jani hili lina mzizi, na mzizi ule ni herufi, na herufi zile zafuatana, na zikifuatana huwa neno. Fundi yule wa miaka zaidi ya 900 iliyopita hakuyaficha maneno ili kuwaudhi wasomaji. Aliyapamba ili msomaji asiyameze kwa mkupuo mmoja, bali ayatafute, na kwa kuyatafuta ayaheshimu.

Na huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na wanakili wa misahafu waliojulikana pwani yote katika karne ya 18 na ya 19. Waliandika kwa kalamu ya mkono, wakapamba pambizo na vichwa vya sura kwa nakshi za wino mweusi na mwekundu. Mtoto wetu wa leo huufungua msahafu uliopigwa chapa kiwandani, herufi zote sawa, na hapana ubaya. Lakini mwonyeshe ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, umwambie atafute mahali ambapo kalamu ilichovywa upya na wino ukakoza. Mtoto huyo, pengine kwa mara ya kwanza, atatambua kwamba nyuma ya maandishi kuna mtu, na mtu huyo alikuwa na mkono, na mkono ulichoka, na juu ya kuchoka kwake mstari haukupinda.

Tumekwisha kusema kwa nini. Inabaki kusema vipi. Hapa twataka kueleza njia ambayo halaka yetu huifuata pamoja na watoto baada ya masomo ya alasiri, si kwa sababu ni njia ya ajabu, bali kwa sababu haina gharama na kila nyumba yaiweza.

Kwanza, kitu kimoja tu kwa mara moja. Ukiwatandazia watoto vitu kumi, umewafundisha kukimbia. Leo kanga, wiki ijayo kikapu, wiki ya tatu kofia ya vito, ile ambayo vitundu vyake vidogo vimezungushiwa uzi kimoja kimoja kwa sindano.

Pili, kimya hutangulia. Watoto hukaa mbele ya kitu kile muda wa kuleta tasbihi 33, na hapana anayeruhusiwa kusema neno. Kwa watoto wadogo muda huu watosha, wakubwa huongezewa. Mwanzoni watacheka na kufinyana. Waache. Mara ya tatu au ya nne kimya chenyewe huwa kimezoeleka, na wako watoto wenye fujo nyingi ambao huona mambo ambayo wapole hawakuyaona.

Tatu, mwalimu aulize, asieleze. Hapa tumefaidika na utaratibu wa wataalamu wawili wa Marekani, Abigail Housen na Philip Yenawine, ambao waliujenga juu ya maswali matatu. Kwa maneno yetu sisi, mtoto huulizwa kwanza kuna nini katika kitu hiki. Akishajibu, huulizwa ameona nini hata akasema hivyo. Kisha huulizwa ni kipi kingine kiwezacho kuonekana. Msomaji atambue uzito wa swali la pili. Hilo ni swali la dalili! Mtoto akisema, Huyu aliyeshona kofia alikuwa hodari, haambiwi ndiyo wala la. Huulizwa, Dalili yako iko wapi? Naye hulazimika kurejea kwenye kofia, si kwenye maneno ya baba yake wala ya mwalimu. Mtoto aliyezoea kusema, Nasema hivi kwa sababu naona hivi, amepata kinga dhidi ya maradhi makubwa ya watu wetu, ambayo ni kufuata kila lisemwalo kwa sababu limesemwa na wengi.

Nne, mkono usaidie jicho. Mpe mtoto penseli na karatasi, achore mstari mmoja tu wa nakshi. Hatumtaki awe mchoraji. Twataka agundue kwamba alichodhani amekiona hakukiona. Kanga iko katika kila nyumba, na kila mtoto atasema aijua. Mwambie afunge macho aeleze pindo lake. Atashindwa. Kisha aifungue, aone kwamba ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji ulio katikati, na ina jina lililoandikwa kwa herufi kubwa. Achore pembe moja ya pindo, aone jinsi nakshi inavyokata kona bila ya kuvunjika. Hapo ataanza kuuliza mwenyewe: Nani aliyepanga kona hii? Swali hilo likishatoka kinywani mwa mtoto, kazi ya mwalimu imekuwa nyepesi.

Tano, jina la mtenda kazi litajwe, na ikiwezekana aonwe. Pana akina mama wasukao ukili nyumbani na hapana mtoto aliyekaa nao kuona vipande virefu vya ukili vinavyoungwa kimoja kwa kingine mpaka vikawa mkeka. Mtoto aliyeona mshono ule, na vidole vilivyokakamaa kwa kazi ile, hatautupia mkeka viatu vyenye tope.

Sita, mrudi kwenye kitu kile kile. Hili ndilo gumu zaidi kwa watoto wa leo, waliozoea kwamba kila kugusa kidole kioo cha simu huleta kitu kipya. Katika Sura ya Al-Mulk mwanadamu ameambiwa alirejeze jicho lake, kisha alirejeze tena. Wengi husoma sura hiyo kila usiku. Basi na tuitekeleze pia mchana, katika kazi za viumbe, ili tuwe na jicho linaloweza kurejezwa tunapotazama kazi ya Muumba.

Sasa turudi kwa wale wenye shaka, tuwajibu kwa insafu.

Wa kwanza atasema: Mwafundisha watoto kupenda mapambo, na mapambo huzaa israfu. Twasema: la, mambo ni kinyume. Mtu anayenunua kanga kila mwezi na bado ana kiu ni mtu ambaye hajawahi kuishiba kanga moja. Jicho lisilotulia ndilo lenye njaa, na njaa yake ndiyo inayomtoa mtu fedha mfukoni. Aliyejifunza kukaa na kitu kimoja akakipata chote hana haja ya kumi. Tena kutazama si kumiliki. Mlango mzuri wa jirani hunifurahisha bure, na furaha hiyo haimpunguzii jirani kitu. Kama tungekuwa tumewafundisha watoto wetu furaha ya namna hii, pengine husuda nayo ingepungua.

Wa pili atasema: Picha nazo? Wanavyuoni wana maneno marefu juu ya picha za viumbe wenye roho, na si nia yetu kuyafungua katika ukurasa huu. Kila mzazi na afuate alilotulizana nalo. Lakini kusiwe na mtu wa kuufanya mjadala huo kuwa ni kisingizio cha kulifunga somo zima. Khati, nakshi za mbao, chokaa iliyochongwa ya zidaka za Lamu, mikeka, vikapu, kofia, kanga, majengo: mambo haya hayana mgogoro, na mtoto hatayamaliza katika umri wake wote.

Wa tatu atasema: Sisi ni watu wa mashamba ya ndizi, makumbusho yako mbali. Ni kweli kwamba kutoka hapa Mahoo mpaka Ngome ya Yesu mjini Mombasa ni safari ya kilomita zaidi ya 200, kupitia Voi. Ngome ile iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593 imekuwa makumbusho tangu mwaka 1960, na anayeweza kumpeleka mwanawe asikose. Walakini tusisahau kwamba Taveta haikuwa kichochoro. Katika karne ya 19 ilikuwa ni kituo cha misafara iliyotoka pwani kwenda Kilimanjaro na Umasaini, na watu wa pwani walipumzika chini ya miti yake. Vitu vya pwani na vya bara vimekutana hapa tangu zamani, na hata leo siku ya soko la Taveta bidhaa hukusanyika kutoka pande zote mbili za mpaka. Mwenye macho ana makumbusho yake sokoni. Asiye na macho, hata ukimlaza ndani ya makumbusho, ataamka akiuliza chai iko wapi.

Wa nne atasema: Mitihani haiulizi mambo haya. Huyu twamjibu kwa ufupi. Mitihani haiulizi pia kama mtoto ni mkweli, wala kama awahurumia wazee. Na kama kipimo chake ni faida ya skuli, basi na afikiri: mtoto awezaye kukaa na kikapu dakika kumi pasi na kuondoa macho, atashindwa kukaa na hesabu? Hatuahidi kwamba ataongoza darasa. Twasema tu kwamba utulivu ni mmoja, na akiupata hapa atakuwa nao huko.

Liko jambo moja zaidi ambalo kwetu ni zito kuliko yote. Macho tunayotazamia vitu ndiyo macho tunayotazamia watu. Mwenye kuzoea kutoa hukumu ya kikapu kwa mtupo mmoja wa jicho, hutoa hukumu ya jirani kwa mtupo ule ule: kwa kanzu yake, kwa lafudhi yake, kwa kabila lake, kwa kiatu chake. Hapa petu wakaa Wataveta, Wataita, Wakamba, Wachaga, watu wa pwani na wengineo, na kila siku twapishana njiani. Ni mara ngapi tumemwona mtu miaka mingi, kama mtoto yule anavyouona mlima, tusijue Kibo chake kiko wapi na Mawenzi yake iko wapi? Hatudai kwamba nakshi humfanya mtu kuwa mwema. Wako mafundi wabaya na wapenda sanaa wenye kiburi. Lakini subira ya jicho ni mlango, na mtoto aliyeoneshwa mlango aweza kuingia.

Kwa hiyo jawabu letu kwa swali tulilolianza ni: naam, ni wajibu, na ni wajibu mwepesi. Enyi wazazi, msingoje skuli iwafanyie. Chagueni siku moja katika wiki na kitu kimoja katika nyumba, mkae na watoto wenu mbele yake, simu zikiwa zimezimwa, na za kwenu ziwe za kwanza. Enyi walimu wa vyuo, mwonyesheni mtoto uzuri wa herufi kabla ya kumpiga mbio kwenda herufi inayofuata. Nanyi mnaosimamia misikiti ya kale, siku mtakapotaka kubandua chokaa kuukuu ili mtie vigae vipya vinavyong'aa, simameni kwanza mbele yake muda wa tasbihi 33, mkiwa na watoto pembeni, muwaulize wanaona nini. Huenda mmoja wao akawaonyesha mkono wa fundi ambao ninyi mlikuwa karibu kuufuta.

Samaki hukunjwa angali mbichi, na jicho vile vile. Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe sisi na watoto wetu macho yenye kutulia, na nyoyo zenye kujua haki ya kila mwenye kutenda wema. Wabillahi tawfiki.